Mwongozo wa Kuufikisha Utafiti Kabatini Salama

Ndugu mtafiti mpya, pokea hongera na pole kwa mkupuo mmoja. Kibali umepata, kamati ya maadili imekupitisha baada ya kukurudisha mara tatu, gari la mradi limejazwa mafuta, na sasa unashika njia kwenda wilayani ukiamini kwamba matokeo yako yatabadili sera ya afya. Imani hiyo itunze, utaihitaji siku za mvua. Ila kuna jambo moja ambalo chuoni hawakukwambia. Utafiti wa afya una kwao, na kwao si wizarani. Ni ndani ya kabati la chuma, la rangi ya kijivu, nyuma ya mlango wa ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya.

Kabati lenyewe nimeliona likifunguliwa. Zamani nilikuwa mdodosaji, mmoja wa wale vijana wa fulana na mkoba wanaoulizia nyumba ya mzee fulani huku mbwa wakiwabwekea. Miaka ilipopita nikarudi katika wilaya mojawapo tuliyofanyia kazi, safari hii nikitafuta takwimu za kuandikia makala. Nikaelekezwa kwa mama wa masijala, kwani ndiye anayeshika ufunguo. Akafungua. Vumbi lilitoka kwanza, ripoti zikafuata: za malaria, za lishe, za kichocho, za uzazi wa mpango, zote zimefungwa kwa waya wa plastiki, nyingine hata nailoni yake haijachanwa. Ya kwetu sikuiona.

"Nyingine iko pale," mama akanionyesha kwa kidevu.

Ilikuwa chini ya mguu wa feni, maana sakafu ya ofisi ile ina bonde. Nikaivuta. Feni ikaanza kutetemeka kama mgonjwa wa homa, nikairudisha haraka. Miezi minne ya kutembea juani, nyumba baada ya nyumba, na hatimaye kazi yetu ilikuwa imepata matumizi.

Mwongozo huu ni wa kukusaidia ufike huko huko bila kupotea njia.

Anza na swali. Swali zuri huchaguliwa mbali, kwenye tangazo la mfadhili, na kama linafaa kwa Bolivia na kwa Bangladesh halikosi kufaa kwa Kilwa. Wasio na uzoefu hukosea hapa hapa: humwendea Mganga Mkuu wa Wilaya na kumuuliza yeye mwenyewe angependa kujua nini. Usithubutu. Atakwambia zahanati ya ng'ambo ya mto inapata dawa sawa na ya mjini ilhali wagonjwa wake ni wengi zaidi. Atakwambia akina mama wanakuja kliniki vizuri lakini siku ya kujifungua hawaonekani, na yeye hajui kama ni nauli, ni giza la njiani, au ni ile kauli waliyopewa na mkunga mara ya mwisho. Atakwambia fedha zikichelewa hadi robo ya nne ya mwaka hana tena muda wa kuzitumia, na zikibaki anaulizwa kwa nini aliziomba. Maswali ya namna hii ni ya hatari, kwa sababu jibu lake linaweza kutumika Jumatatu ijayo.

Swali likishapatikana, andaa dodoso. Kurasa ishirini ndiyo heshima. Litafsiriwe na mtu ambaye hajakaa kijijini, ili mama mwenye mtoto mgongoni aulizwe ni kwa kiwango gani anaridhishwa na mwitikio wa mfumo wa utoaji huduma, naye ajibu kwa adabu, "Ndiyo."

Niliwahi kupewa dodoso la kumhoji muuguzi kuhusu uhaba wa watumishi. Zahanati ilikuwa na muuguzi mmoja siku hiyo, mama wa makamo aliyevaa viatu vya raba vilivyokanyagwa visigino. Benchi la nje limejaa, wengine wamekaa chini kwenye kanga zao, mizani ya kupimia watoto inaning'inia kwenye tawi la mwembe. Nikamwamkia, nikamsomea fomu ya ridhaa, akatia saini akiwa amesimama. Mahojiano yalikuwa ya saa moja na nusu. Tulipofika swali la tisa, linalotaka kujua wagonjwa husubiri muda gani kabla ya kuhudumiwa, aligeuka akalitazama benchi, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, leo andika saa moja na nusu zaidi."

Nikaandika. Ikaingia kwenye wastani.

Baada ya kukusanya, kaa kimya miaka miwili. Kisha itisha kikao cha mrejesho, nacho kiwe mwezi Mei. Mwezi huo mpango wa afya wa wilaya umeshafungwa, bajeti iko Dodoma mikononi mwa wabunge, na mwaka mpya wa fedha unaanza Julai Mosi, kwa hiyo hakuna mtu yeyote mwenye uwezo wa kubadili chochote. Slaidi ziwe nyingi. Maandishi yawe madogo, tena ya Kiingereza, na uahidi kwamba ya Kiswahili yanakuja. Umeme ukikatika, endelea kueleza rangi za grafu kwa maneno. Utakapouliza kama kuna swali, mjumbe wa kwanza kunyoosha mkono atauliza habari za nauli. Usimcheke. Amepanda bodaboda tangu alfajiri, nusu ya njia ni matope, na mara ya mwisho aliambiwa fomu yake ya malipo imepotea. Mpe nauli yake, mpe sambusa, piga picha ya pamoja, ondoka. Waswahili walishasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtafiti mwerevu huondoka siku ya pili jioni.

Hapo sina budi kukutahadharisha, maana wapo waliokaa mpaka siku ya tatu. Jihadhari sana na habari za Rufiji na Morogoro Vijijini.

Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyosema kwamba nchi maskini inaweza kuwapatia watu wake huduma muhimu za afya kwa takriban dola 12 kwa mtu kwa mwaka, mradi fedha zielekezwe kwenye maradhi yanayoua zaidi. Wengi waliipokea kwa warsha. Wizara ya Afya ya Tanzania na shirika la utafiti wa maendeleo la Canada, IDRC, wao wakataka kujua kama ni kweli. Mradi wao ukaitwa TEHIP, ukaanza katikati ya miaka ya 1990 katika wilaya hizo mbili, na tangu mwanzo ukavunja kila kanuni niliyokupa hapo juu.

Kwanza, hawakutosheka na vitabu vya hospitali. Wengi wa waliokufa walifia nyumbani, na aliyefia nyumbani hayumo kwenye kitabu cha mtu. Kwa hiyo wadodosaji walipita kaya kwa kaya, wakarudi tena na tena mwaka hadi mwaka, wakiuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Palipotokea msiba, mtu alirudi baadaye kwa wafiwa na kuuliza taratibu: homa ilianza lini, alipumua kwa kasi, degedege lilimpata? Kwa majibu hayo madaktari walikadiria kilichomuua. Nimefanya mahojiano ya namna hiyo, si ya mradi ule, na nakuambia hakuna dodoso gumu kama hilo. Mama atakueleza kila kitu kwa utaratibu hadi ufike kwenye swali la nguo alizovaa mtoto siku ile, swali ambalo wewe hukuuliza, analijibu mwenyewe.

Kisha wakafanya jambo baya zaidi. Walichukua bajeti ya wilaya, ile ya kurasa na kurasa za vifungu, wakaigeuza kuwa picha, wakaisimamisha kando ya picha ya vifo. Nguzo hii ni miaka ya uhai inayopotea kwa ugonjwa fulani, nguzo hii ni fedha unazopewa ugonjwa huo. Kusoma picha hiyo hakukuhitaji shahada ya takwimu, macho yalitosha.

Na macho yaliona nini? Morogoro, malaria ilikuwa inachukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, na katika bajeti ya 1996 ilipewa asilimia 5. Nimonia, kuhara, utapiamlo, surua na malaria ya watoto, yakijumlishwa pamoja, yalikuwa asilimia 28 ya mzigo wote, yakapata asilimia 13 ya fedha. Kifua kikuu, ambacho hakikufika hata asilimia 4, kilipata asilimia 22. Usiharakishe kuwacheka watu wa Morogoro. Kifua kikuu kikiachwa kinaambukiza nyumba nzima, kwa hiyo hakuna aliyesema kiachwe. Lakini mafungu mengi ya siku zile yalifika wilayani yakiwa yameshaandikiwa kazi, na yaliyobaki mpangaji aliyanakili kutoka mpango wa mwaka jana, akaongeza kidogo huku na kupunguza kidogo kule, kama wafanyavyo wapangaji wote duniani. Kilichokosekana ni mtu wa kuziweka nguzo hizo mbili kwenye karatasi moja.

Fedha za ziada zilikuwepo: dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka, kwa sharti kwamba zifuate picha. Wilaya zilishindwa kuzimaliza. Senti 80 hivi ndizo zilizoweza kutumika vizuri, kwa vyandarua, kwa dawa, kwa kuwafunza waganga kumpima mtoto mzima badala ya kutibu lile tatizo moja mama alilolitaja mlangoni, na kwa mambo yasiyopigwa picha, kama kuwa na njia ya kuwasiliana na zahanati iliyo mbali. Ndani ya miaka 5 hivi vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Msomi mkali atakwambia, na atakuwa na haki, kwamba miaka hiyo kulikuwa na mabadiliko mengine pia, na si kila mtoto aliyepona alipona kwa ajili ya zile nguzo mbili. Sawa. Lakini mpango ulibadilika, na ulibadilishwa na watu wa wilaya wenyewe, kwa karatasi waliyoielewa, kabla bajeti haijafungwa. Mtafiti anayetaka kabati akimbie mfano huu.

Hatari nyingine iko pwani ya Kenya. Huko Kilifi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti waligawa vyandarua vilivyotiwa dawa katika baadhi ya vijiji na kuvilinganisha na vingine. Matokeo yalitoka 1996: vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 33. Upande wa Tanzania, wenzao wa Ifakara walijaribu kuviuza kwa bei nafuu katika Kilombero na Ulanga, na 2001 wakaonyesha kwamba hata kwa njia ya duka watoto waliolala ndani ya chandarua walinusurika zaidi. Hapo ungetegemea mambo yaishe. Hayakuisha, ukazuka ubishi: vitolewe bure au viuzwe? Wenye hekima wa mbali walisema kitu cha bure hakithaminiwi, watu watavulia samaki. Wakaja wachumi wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, wakapima jambo lenyewe katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya. Bei ilipopanda kutoka bure hadi shilingi 40 za Kenya, idadi ya waliochukua iliporomoka kwa pointi 60 katika kila mia. Na waliopewa bure walivitundika sawasawa na walionunua. Shilingi 40, ndugu yangu. Hekima ya miaka mingi ilishindwa na bei ya chapati chache.

Usikate tamaa lakini. Ukiwa na matokeo yenye nguvu kiasi hicho, bado yanaweza kucheleweshwa, na hapa klorokwini ni faraja kubwa.

Wa rika langu wanaikumbuka: chungu ya kukunja uso, na baada yake mwili unawasha mpaka unatamani kujikuna kwa gunzi. Tuliivumilia kwa sababu ilikuwa inaponya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 taarifa za kwanza za vimelea vya malaria visivyosikia klorokwini barani Afrika zilitoka huku huku Afrika Mashariki. Baada ya hapo ushahidi ukaongezeka, wilaya kwa wilaya, mwaka kwa mwaka. Malawi ikawa ya kwanza Afrika kuiacha, 1993. Kenya ikafuata 1998. Tanzania ikaiacha 2001, na kuingiza SP, dawa ambayo nayo vimelea vilikwisha kuanza kuizoea, hata miaka michache baadaye ikabidi kuhamia dawa ya mseto. Sisemi waliokuwa mezani walilala. Kubadili dawa ya nchi nzima ni kubadili bohari, vitabu vya miongozo, mafunzo, bei, na akili ya mama anayejua kwamba dawa isiyowasha si dawa. Nasema tu kwamba kati ya kujua na kufanya palipita watoto wengi.

Na kuna aina ya matokeo ambayo hayahitaji hata kucheleweshwa, yanajichelewesha yenyewe: yale yanayomwambia daktari mzuri kwamba alikuwa anakosea. Vitabu vilifundisha kwamba mtoto aliyezidiwa na homa kali, mikono na miguu imekuwa ya baridi, apewe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Kathryn Maitland na wenzake wakiwa na kituo chao Kilifi wakalijaribu jambo hilo katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto 3,141. Watoto wa kuhara hawakuwemo, hao maji wanayahitaji na wapewe. Utafiti ulilazimika kusimamishwa kabla ya wakati wake. Waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi: kama 10 na nusu katika kila 100 ndani ya saa 48, wakati wasiopewa walikuwa 7 na kidogo. Hiyo ilichapishwa 2011. Miongozo ya kimataifa ilichukua miaka kadhaa kuanza kuifuata, na mabishano yapo hadi leo. Binafsi siwalaumu sana wanaobisha. Kukaa mikono mitupu mbele ya mtoto anayekwenda ni kazi nzito kuliko kufungua dripu.

Neno kidogo kwako wewe uliye upande wa pili wa meza, mwenye muhuri. Mtafiti mkaidi akikujia na karatasi fupi, ya Kiswahili, mwezi Novemba, yenye jibu la swali ulilomuuliza mwenyewe, usihangaike. Mwambie mazingira yetu ni tofauti. Akisema utafiti umefanyika hapa hapa, mwambie sampuli ni ndogo. Ikiwa kubwa, sema tunasubiri wadau. Na akiuliza kwa nini wilaya haina fungu lake lenyewe la kuulizia maswali yake, badilisha mazungumzo upesi, kwa sababu hapo amegusa kidonda. Mwaka 2008 mawaziri walikutana Bamako wakaitaka kila serikali itenge angalau asilimia 2 ya bajeti ya wizara ya afya kwa ajili ya utafiti. Fungu hilo likitengwa kweli, swali litatoka wilayani. Lisipotengwa litaendelea kutoka kwa anayelipa mafuta ya gari, naye ana haki ya kuuliza la kwake.

Basi hayo ndiyo ya njiani. Ikiwa umeyasoma yote na bado una ukaidi wa kutaka kazi yako itumike, nenda kwenye kabati kabla hujaandika dodoso hata moja. Huenda swali lako lilishajibiwa mara mbili na hakuna aliyesoma. Ya chini ya feni nayo uisome, ila chukua kipande cha ubao cha kuweka badala yake. Mwamkie mama wa masijala vizuri, ufunguo uko kwake. Huingia saa moja na nusu asubuhi, na siku ya Ijumaa hutoka mapema.